Mpira Uliopinda Malishoni Kitahana

Siku ile, mwanangu, bado naiona kama jana alasiri. Nilikuwa mwalimu kijana pale Kitahana, wilayani Kibondo, mabega mapana, damu inachemka. Rafiki yangu alikuwa Daktari Elinami, mtu mzima aliyehamishiwa Kibondo kutoka Moshi, akaja na mfuko wa fimbo za gofu ambazo majirani walidhani ni vyuma vya kuungia mifupa. Bibi Bukuru, mjane mwenye ng'ombe, alituruhusu kucheza malishoni kwake. Tulichimba shimo, tukasimika kitambaa chekundu kiwe bendera. Upande wa kulia ilipita njia ya kwenda chemchemi.

Mimi nilipiga kwa nguvu zote, na kila mara mpira ulikengeuka kulia. Nilicheka tu, nilichotaka ni uende mbali. Kijana akisifiwa nguvu, masikio huziba.

Alasiri hiyo mpira ulikata kulia kama mwewe aliyeona kifaranga, ukagonga ndoo kichwani kwa Ester, mkwe wa Bibi Bukuru, aliyekuwa mjamzito. Ndoo ikapasuka. Ester akakaa chini akiwa amelowa, mikono tumboni. Daktari alikimbia kumpima. Hakuwa ameumia. Mimi niliinama kuokota vipande vya ndoo. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Na ingekuwa damu je?

Bibi Bukuru alikuja na mwendo wake wa polepole. Hakupaza sauti.

"Mwana wanje," aliniita kwa Kiha, kama mama amwitavyo mtoto wake, "nguvu unazo. Unakozipeleka hukujui. Usipige tena hapa mpaka nije nione umejifunza."

Ingekuwa nafuu kwangu kama angenitukana.

Nilimwomba Daktari anifundishe kupiga mpira unyooke. Akatikisa kichwa.

"Mkono wako umezoea kupindisha kulia, Mwalimu. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Tuupe kipimo."

Masika yote tulifanya mazoezi kwenye mteremko usiopitwa na watu. Alinifundisha kuelekeza miguu na mabega kushoto kidogo, huku uso wa fimbo ukitazama pale ninapotaka mpira uishie. Nipige kwa kufuata miguu yangu, nisivigeuze viganja, nisikamue nguvu zote. Mpira uanze kushoto, kisha urudi kulia taratibu na kutua kwa upole. Wachezaji wanauita fedi. Mwanzoni ulinikatalia kabisa. Nilipokasirika ulizidi kunikatalia, maana hasira hukaza vidole. Daktari alikuwa akikaa kwenye nyasi, anangoja nipoe, halafu anasema, "Haya, tena."

Masika yalipoisha, Ester akiwa amekwisha kujifungua salama, Bibi Bukuru aliniita malishoni. Nilipanga miguu. Nilipoinua macho, nikamwona amekwenda kusimama njiani, kulekule mpira ulikogonga ndoo ya mkwewe.

"Piga," alisema. "Nipo hapa."

Nilijua mpira ungerudi vizuri. Daktari pia alijua. Lakini mikono yangu ilishuka.

"Bibi, siwezi kupiga ukiwa hapo. Nisamehe."

Alitabasamu. "Sasa umejua kuwa hapa wanapita watu. Hilo ndilo nililokuwa nangoja." Akaja kusimama nyuma yangu, karibu na Daktari.

Ndipo nikapiga. Mpira uliondoka kushoto kuelekea kwenye mikaratusi, ukapanda, ukapinda polepole kama mtu aliyekumbuka jambo, ukatua karibu na bendera. Bibi alicheka. "Kumbe ni kama ng'ombe wangu. Nao hawafiki zizini kwa mstari ulionyooka."

Mwanangu, kila mmoja wetu ana upande anaopindia. Wako huenda ni ulimi mkali, huenda ni haraka, huenda ni hasira kama yangu. Usijidanganye kwamba huna, wala usikae ukijichukia. Uujue, uupe kipimo, na umtafute mtu mvumilivu wa kukuambia "tena". Ila ustadi peke yake hautoshi. Kabla ya kunyanyua mkono au neno, inua kwanza macho uone nani yuko njiani. Na akiwapo, ngoja. Anayeweza kupiga na akajizuia ndiye aliyefuzu.

Mungu akukuze, mwanangu. Akupe mkono mtulivu, na asikunyime wazee wa kukukanya kwa upole.