Kusubiri Nje ya Mlango

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mwanamke wa Kikongo akiambiwa aende hospitali ya Lilongwe, mara nyingi huja kwangu kwanza. Chichewa, lugha ya wenyeji, nakijua vizuri, nami nimekalimani wagonjwa wengi. Ndivyo nilivyofuatana na jirani yangu, mama wa Kindu anayeuza samaki wakavu nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Tulipoingia, muuguzi akaweka simu yake mezani.

“Siku hizi inajua kutafsiri Kiswahili,” akaniambia kwa Chichewa.

Nilitaka kucheka. Kiswahili kipi? Nikangoja iboronge nipate kuirekebisha. Simu ikauliza maumivu yalianza lini. Iliongea kama mtangazaji wa redio, lakini ilieleweka. Jirani akaitazama, kisha akanishika mkono.

“Dada, usikasirike. Ngoja inje.”

“Na ikikosea?”

“Itarudilia. Mi na we tunaishi pamoja. Kesho utaniangalia, na nitajua kama unajua. Hii telefone haiwezi niangalia.”

Nikatoka, nikaketi kwenye benchi la korido. Mwanzoni nilikasirika. Lini niliwahi kutoa nje maneno ya mgonjwa? Nilijitetea kimoyomoyo hadi nikachoka, ndipo nikagundua kwamba hakuushtaki mdomo wangu. Alisema macho. Miaka yote niliamini kwamba mashine haitanifikia, kwa sababu mimi naelewa na kuhurumia. Sikuwahi kufikiri kwamba huruma ya jirani inaweza kuwa mzigo, kwamba mtu anaweza kutamani kusikilizwa na kitu ambacho kesho hakitamwonea uchungu.

Alipotoka, macho yalikuwa mekundu. Akaketi kando yangu.

“Imeniambia pole,” akasema.

“Ilisema vizuri?”

“Vizuri sana.”

Kisha akaniegemea, akalia. Alilia kwa muda mrefu, kitambaa chake cha kichwa kikaanguka, nikakiokota na kukishika. Watu walipita wakitutazama. Sikumwuliza kitu. Kwa kweli nilitaka sana kuuliza, na kunyamaza kule kulinigharimu zaidi kuliko kukalimani kokote. Alipomaliza akapenga kamasi, akajifunga kitambaa, akasema ana njaa. Tukala nsima, ugali wa huku, na maharagwe karibu na soko la Area 25, tukizungumza habari za binti yake anayetaka kuolewa na Mnyarwanda.

Ugonjwa wake siujui hadi leo. Wengine huniuliza kama simu imeninyang’anya kazi, nami huwajibu kwamba imechukua nusu, ile niliyojivunia zaidi. Nusu iliyobaki sina jina lake. Mashine ilimsikiliza hadi mwisho na haikubadilika. Mimi sikusikia hata neno moja, lakini nilirudi nyumbani mwili umeninyong’onyea. Sijui kama hilo linatosha kunifanya mtu. Kuna siku naona ni heshima kutojua, na kuna siku naona nimefungiwa mlango.

Wiki iliyopita jirani aliniita tena nimsindikize hospitali. Nikavaa viatu, tukaenda.