Kiti cha Kibiriti

Dada yangu alikalia kreti la soda karibu maisha yake yote ya ndoa, na mume wake alikuwa fundi wa makochi. Nimeanza na hilo makusudi, nisije nikaisahau hasira yangu njiani, maana huyo shemeji ni mtu wa kupendeka. Ukimsikiliza mwanzo mpaka mwisho utajikuta unamwonea huruma yeye.

Dada tulimwita Kibiriti. Jina alipewa na baba yetu, kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo, mwembamba, na ukimgusa vibaya anawaka. Mimi ndiye mdogo wake, lakini kimo nilimpita tukiwa bado shule, na wageni wakawa wananisalimia mimi kwanza. Kiti chochote alichokalia, miguu ilining'inia. Hospitali, kwa majirani, kwenye mikutano ya wazazi, popote alipokaribishwa alikaa ukingoni kabisa ili ncha za vidole ziguse sakafu, kama mtu anayetaka kuaga.

Shemeji naye mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho. Si mvivu, tusimsingizie. Kazi yake ilikuwa safi, ila mdomo wake haukuweza kumwambia mteja hapana. Kila aliyekuja na haraka zake alipokelewa, na kila aliyefuatilia kochi lake aliambiwa kesho. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: fremu za mbao zimeegemezwa ukutani, sponji zimepangwa mpaka darini, makopo ya gundi, misumari ndani ya kikombe kilichovunjika mkono. Chumba cha nyuma ndiyo nyumba. Humo mlikuwa na kitanda, meza, kabati, na lile kreti lililowekewa kipande cha sponji.

Mara mbili tatu shemeji aliwahi kuingiza kochi ndani, akasema, "Hili sasa ni letu, mke wangu." Wiki haikuisha. Mteja alitokea ana wageni, hana pa kuwakalisha, shemeji akakuna kichwa, kochi likatoka.

"Kesho nitakutengenezea la kwako," anamwambia dada. "La kwako peke yako."

"Kesho ya mwaka gani?" dada anauliza, na wanacheka wote wawili.

Mimi sikucheka. Mganga hajigangi, sawa, lakini wahenga hawakusema na mkewe akalie kreti.

Siku dada alipoamua, nilikuwepo. Tulikuwa tunafua uani. Akakamua shuka, akalitupa kwenye beseni, akasema, "Mdogo wangu, nimechoka kungoja. Najitengenezea mwenyewe."

"Unajitengenezea nini?"

"Kiti. Kiti changu. Nikikaa pale, mtu akiingia ajue huyu ndiye mwenye nyumba."

Nilidhani ni maneno ya jua kali. Lakini Kibiriti alikuwa amepiga moyo konde. Miaka yote alikuwa anamshikia mumewe kitambaa akivuta na kupigilia misumari, na vifuniko vya mito alishona yeye kwa cherehani. Kilichobaki ni kile ambacho hakuna aliyewahi kumpa mkononi: msumeno, randa, mikanda ya mpira ya kuvuta chini ya kalio la kiti. Akaanza kuokota mbao za makochi mabovu yaliyotelekezwa na wenyewe. Shemeji akitoka kwenda kupeleka mzigo au kupima kwenye nyumba za watu, dada anatoa mbao zake chini ya meza. Alijigonga vidole mpaka kucha ya gumba ikawa nyeusi ikang'oka. Fremu ya kwanza aliibomoa, ilikuwa inacheza. Ya pili ikasimama. Kitambaa alinunua mwenyewe, kijani kibichi, kwa pesa ya kushona sare za watoto wa jirani.

Shemeji aliona. Hakikuwa kitu cha kufichika kwenye vyumba viwili. Tena alijivuna, akawa anawaambia wateja, "Huyu mke wangu mnamwona hivihivi, ni fundi!" Aliona mbao, aliona kitambaa, aliona kucha iliyong'oka, na hakuuliza hata mara moja kiti ni cha nani. Dada naye hakusema. Alitaka kwanza kimalizike, akiingize ndani, akikalie, ndipo aseme.

Kikamalizika. Kilikuwa kiti cha mtu mmoja, mgongo mrefu, mikono ya kuegemea imejazwa vizuri, na vifungo vitatu mgongoni. Dada alikiacha karakana gundi ikauke, akaenda sokoni. Mimi nilipita kumsalimia, tukakutana njiani, tukarudi wote, ameshika mfuko wa mboga na hana habari na mboga, anaongea kiti tu. Atakiweka karibu na dirisha. Atatafuta kitambaa kidogo cha kutupia mgongoni kisichafuke.

Tukamkuta shemeji mlangoni, meno yote nje.

"Mama wee, una mkono wewe! Kiti ulichotengeneza kimegombaniwa! Mama mmoja amekaa, hakutaka hata kuinuka. Kimekwenda!" Akamshika dada mkono, akamwekea pesa kiganjani, akamkunja na vidole juu yake. "Zako zote. Sijagusa. Na kesho nakutengenezea kingine, kizuri kuliko kile."

Namwambia ukweli kila anayeniuliza: yule mwanamume hakuwa na ubaya moyoni. Alifurahi kwa dhati. Ndiyo maana hasira yangu haijapata pa kutua mpaka leo.

Nikangoja Kibiriti awake. Nilitaka awake. Dada alizitazama zile pesa, akaziweka mezani, akaweka na mboga, akaenda akakaa kwenye kreti lake.

"Shemeji, umeuza kiti cha dada!" nikasema mimi. "Cha kwake! Wewe una akili kweli?"

"Cha kwake vipi?" akauliza. Akageuka. "Mke wangu, kilikuwa chako? Si ungesema?"

"Mwache," dada akaniambia. "Kosa ni langu. Nilikipima kwa kipimo cha watu. Kiti kinachomfaa kila mtu kitakaaje ndani?"

Jioni ile ile akamshikia mumewe kitambaa kama kawaida. Hilo liliniuma kuliko kama angepasua vikombe. Niliondoka pale moyo umenivunjika, na naamini wake ulivunjika zaidi, kwa sababu tangu siku hiyo shemeji akisema kesho, dada hakuuliza tena ya mwaka gani.

Muda mrefu alishona sare tu. Kisha siku moja nikamkuta amekaa ukingoni mwa meza, futi ya mshonaji mkononi, anajipima kutoka nyuma ya goti mpaka kisigino.

"Hapo," akasema. "Si zaidi."

Kiti cha pili hakuficha mbao chini ya meza. Alikitengeneza katikati ya karakana, mchana kweupe, shemeji akimzunguka na kazi zake. Miguu ya kiti ilikuwa mifupi, kalio jembamba, na mgongo uliishia pale mgongo wa dada unapoishia. Shemeji alikitazama, akacheka.

"Hiki nani atanunua? Mteja akikaa hapa magoti yatamgonga kidevu."

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Ndiyo maana nimekitengeneza hivyo," dada akasema.

Shemeji akachukua nyundo yake, akaenda nje kupigilia kitu ambacho nadhani hakikuhitaji kupigiliwa.

Dada akakiingiza ndani, akakiweka dirishani, akakaa. Nyayo zote mbili zililala sakafuni. Akazitazama, akazinyanyua, akazirudisha tena chini. "Ona," akaniambia, "nimefika." Tukacheka, kisha mimi nikalia, naye akaniambia nisimchafulie kiti kwa machozi.

Hakukifaidi sana. Kifua kilichokuwa kinamsumbua kidogokidogo kikaanza kumsumbua kweli, na madaktari wakazungusha maneno mpaka tukaelewa bila kuambiwa. Mwishoni alikuwa hawezi kulala chali, kwa hiyo mchana kutwa alikaa kwenye kiti chake, na shemeji akaketi kwenye kreti, pembeni, akimpepea. Wateja waligonga mlango hakuna aliyewafungulia.

"Kesho utapata nafuu," shemeji akamwambia siku moja.

Dada akafumbua macho. "Hata Mungu unataka kumwambia kesho?" akasema, na akatabasamu, na shemeji akaweka kichwa chake juu ya mkono wa kile kiti akalia kama mtoto.

Dada alikufa asubuhi, mvua inanyesha. Sina la kusema kuhusu siku hiyo. Niliyekuwa naye tangu nafumbua macho duniani hayupo, basi.

Miezi ikapita. Nilikuwa nakwenda kumfagilia shemeji na kumpikia, huku nimenuna, maana majuto ni mjukuu na mimi nilitaka kumwona akimlea huyo mjukuu. Siku moja nilitoa kiti cha dada barazani nipate kufagia chini yake. Akapita mwanamke na binti yake mdogo. Mtoto akakimbilia kile kiti, akakaa. Nyayo zikafika sakafuni.

"Jamani, tazama!" yule mwanamke akasema. "Kama kimepimwa. Fundi, hiki unauzaje?"

Dada aliwaza kila mteja, lakini watoto hakuwawaza. Nikamtazama shemeji. Mkono wake tayari ulikuwa umepanda kukuna kichwa.

Kisha ukashuka.

"Hakiuzwi, mama."

"Nitakupa bei nzuri. Au nipite kesho, ukifikirie?"

"Hata kesho," shemeji akasema, "hakiuzwi."

Mwanamke akamshika mtoto mkono, wakaenda zao. Mimi nimesimama na ufagio. Neno lenyewe lilikuwa fupi vile, na lilikuwa kinywani mwake miaka yote.

"Shemeji," nikamwambia, "kumbe unaweza kulisema."

Alikibeba kile kiti kwa mikono miwili, akakirudisha dirishani, akavuta kreti, akakaa pembeni yake.