Nilinyamaza Umeme Ulipokatika

Assalaam alaykum admin, na nyote mnaosoma. Jina langu naomba libaki kwako tu, maana mji wetu mdogo na mlango wangu wa kazi unajulikana. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tisa, nina mume na watoto, naishi Unguja mjini, na kazi yangu ni kuprinti mabango na stika. Haya ninayoyaandika hata mume wangu hayajui.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili niliajiriwa mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa mjini, kwenye duka la mzee mmoja aliyeleta mashine kubwa ya kuprinti stika kutoka Dubai. Ilikuwa imeshatumika na ilikuja na maradhi yake. Hakuna aliyenifundisha. Niliijua kwa kuharibu na kutengeneza: mistari mieupe ikitokea kwenye picha, basi vitundu vya hedi, kile kichwa kinachotema wino, vimeziba, unasafisha kwa dawa; stika ikijikunja, ujue unyevu umeingia kwenye roli la stika. Miaka mitatu nilikuwa mwanamke peke yangu mtaani kwetu ninayeitwa fundi, na cheo kile nilikipenda kuliko dhahabu ya harusi yangu. Nichekeni, lakini ndivyo.

Ndipo akaja Zuwena (si jina lake). Binti wa Matemwe, miaka ishirini, mama yake analima mwani. Yule mzee, tajiri wetu, akaniambia, "Mfundishe huyu, akusaidie." Nikamfundisha kwa moyo mweupe, kwa sababu nilimdharau. Nilidhani mtoto wa shamba atakata stika na kufagia, basi. Kumbe yule mtoto alijaaliwa. Alikuwa akisikia mlio wa mashine ukibadilika kabla sijauona ubaya kwenye picha.

Siku moja tulikuwa na stika za hoteli moja ya pwani, na rangi ya bahari ikawa inatoka kijani. Nikasafisha hedi mara tatu, wino unakwenda bure, mteja amekaa kwenye kiti ananitazama. Zuwena akainama akachungulia nyuma ya mashine. "Dada, samahani. Huu mpira wa wino wa bluu una hewa ndani. Hedi haina kosa." Tukaivuta ile hewa kwa bomba la sindano, rangi ikakaa sawa. Tajiri akacheka mbele ya mteja: "Huyu ndiye fundi bwana! Wewe ushazeeka." Nilikuwa sijafika hata thelathini!

Tangu hapo wateja wakawa wanaingia na kuuliza, "Zuwena yupo?" nami nimesimama mbele yao. Kijicho kikanikaa rohoni. Nilichukia mpaka anavyofunga mtandio wake. Alikuwa akiniletea pweza mkavu kutoka kwao, nami namgawa kwa majirani, siwezi kumtia mdomoni. Nikimwona anacheka na tajiri silali.

Sasa kulikuwa na jambo moja sikumfundisha. Hedi ikimaliza kazi hurudi pembeni na kujifunika kwenye kipira chenye unyevu ili wino usikauke. Lakini umeme ukikatika kazi ikiendelea, hedi inabaki katikati, wazi. Lazima uisukume kwa mkono, taratibu, mpaka kwenye kipira chake. Umeme wetu mnaujua. Kila ulipokatika niliisukuma mwenyewe, Zuwena akiwa anakusanya stika. Mwanzo nilisahau tu kumwambia. Baadaye nikakusudia.

Alasiri moja ukakatika yeye akiwa peke yake kwenye mashine. Niliporudi nikamkuta amechukua upande wa kanga yake akaifunika yote. "Dada, nshaifunika isiingie vumbi." Nikainua pindo, nikaiona hedi imesimama katikati. Nikaliteremsha lile pindo. "Ahsante," nikasema, "twende zetu."

Umeme ulirudi siku ya tatu. Hedi ilikuwa imekauka kabisa, dawa haikufaa kitu. Tajiri akatuita sote wawili, uso umemwiva. Akaniuliza mimi, "Hukumwambia huyu?" Nikajibu, "Nlimwambia, tena si mara moja."

Zuwena akanitazama. Nikangoja anikane. Akasema polepole, "Basi ntakuwa nlisahau, dada." Wallahi hakuwa ananikejeli. Aliniamini mimi kuliko kumbukumbu yake mwenyewe. Akafukuzwa siku ile ile, akarudi kwao kwenye mwani, nami nikabaki fundi peke yangu kama nilivyotaka. Miaka ikapita, nikafungua pangu.

Wiki iliyopita akanijia dukani na binti yake, kumwombea kazi. Mikono imepasuka kwa maji ya chumvi, lakini uso ule ule. Binti akaniamkia vizuri, "Shikamoo Bi," kisha akaanza kuichungulia mashine yangu na kuuliza maswali ambayo binti yangu wa kumzaa, niliye naye hapo miaka miwili, hajawahi kuuliza. Na mimi, mtu mzima, kijicho kikanipanda tena pale pale.

Zuwena akanishika mkono. "Dada, kabla hujampokea mwanangu nnataka unisamehe. Ulinifundisha kila kitu, nami nkakutia aibu mbele ya tajiri. Tangu siku ile sijagusa tena mashine ya mtu, nnaogopa ntaiharibu."

Kweli ilinifika kwenye ulimi. Binti yangu alikuwa amesimama anasikiliza, na mteja mmoja pia. Nikasema, "Nshakusamehe, Zuwena. Zamani."

Akalia, akaniombea dua, akaenda zake amefurahi. Binti anaanza kazi Jumatatu. Nikisema, nitavunjika mbele ya mume wangu, wanangu na mji mzima, na Zuwena atajua umri wake ulikwenda wapi. Nikinyamaza, nitakuwa nakula dua zake kila siku. Nitukaneni mkitaka, nimestahiki, lakini mkimaliza nishaurini: nifanye nini kabla ya Jumatatu?