Hakuna Kuingia kwa Mikono Mitupu

Watu wa Ruashi, mtaa wetu hapa Lubumbashi, wana midomo. Wakikuambia kwamba Najma, mke wa Idriss, aliuza zawadi za mtoto wake mchanga mbele ya mlango, hawakudanganyi. Aliuza. Mimi Edith, mshonaji, ninayepakana naye ukuta kwa ukuta, ndiye niliyemwazima meza. Lakini wao wanasimulia mwisho bila mwanzo, kama mtu anayekula bukari, ugali wetu, bila mboga, na hilo ndilo linalonichoma. Kaeni, niwaambie yote.

Ile nyumba waliijenga wenyewe, tofali kwa tofali. Idriss alikuwa dereva wa lori la mtu kwenye njia ya Kasomeno, na Najma alikuwa anapokea pesa kwenye depo moja ya unga mjini. Kuta zilipofika juu, mfuko ukakauka. Papa Floribert, muuza mabati wa karibu na soko, akawapa mabati kwa deni, kwa jina la Najma, kwa kuwa Najma ndiye aliyekuwa na mshahara wa uhakika. Kila mwisho wa mwezi alipeleka sehemu yake. Hakuruka hata mwezi mmoja. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye Floribert alikuja kumwita mwizi mbele ya watu.

Basi, mimba ikaja. Na lori nalo likafa injini huko njiani, mwenye lori akamwambia Idriss asubiri, na kusubiri hakulipwi. Najma alikuwa anakaribia kongé yake, likizo ya uzazi. Ukiwa kongé mshahara unakatwa, unapata sehemu tu, na hiyo sehemu bosi wake alikuwa anaitoa akijisikia. Wengi wetu hapo tungejificha. Tungepita njia ya nyuma ili muuza mabati asituone. Najma, tumbo mbele, miguu imevimba, aliniomba nimsindikize hadi dukani kwa Floribert.

"Papa Floribert," alisema, "nitaenda kongé. Feza itapunguka. Myezi ya kongé nitakuletea nusu. Nikirudia kazi, tutaendelea kama zamani. Siko nakimbia, njo maana nimekuya miye mwenyewe."

Floribert hakuinua hata macho. "Mama, mabati yangu haijue mambo ya mimba. Mwezi wenye utaleta nusu, nitapanda kuyafungula. Mvua ikunyeshee na mutoto wako."

Nilitaka kumrukia. Najma akanishika mkono, tukatoka.

"Yaya Edith, wacha," aliniambia njiani; huniita yaya, yaani dada mkubwa. "Yeye amesema. Na miye nimesema. Tutaona."

Sasa washauri wakaanza kuja, na mnajua washauri wa bure walivyo. Chisanga, mwenzake wa kazini, alimwelekeza kwa mtu anayetoa pesa siku ile ile na kudai mara mbili. Najma akamjibu, "Nikope juu ya kulipa deni? Nitachimba shimo ya pili juu ya kufunika ya kwanza, na mutoto njo nitamutia mule?" Chisanga akanuna, lakini hakurudia.

Aliyemsumbua zaidi ni mama mkwe wake, mama Rabia. Ni mama mzuri, simsemi vibaya, ila ana kiburi cha watu wa kwao Maniema. Alitaka akika ya siku ya saba ivume Ruashi nzima: kondoo, pilau, na kitenge cha aina moja kwa wanawake wote wa ukoo. Vyote kwa deni, kwa ndugu mmoja mwenye duka.

"Mama," Najma alimwambia kwa adabu, macho chini, "kondoo ya deni iko nyama ya nani? Siku ya saba tutanyoa mutoto, tutamupa jina, tutaomba dua. Kondoo atakuya siku feza yake itakuya."

Siku nzima mama Rabia aliosha vyombo kwa kelele.

Msidhani Najma hakuwa na hofu. Siku chache kabla ya kuzaa alikuja kukaa karibu na mashine yangu, akalia. "Mvua iko karibu, yaya. Wakifungula mabati, nitalala wapi na mutoto?" Nilikuwa na hasira tu. Alifuta machozi kwa sare ya shule niliyokuwa nashona, sare ya mtu, akaniomba radhi, akaenda kupika. Tangu siku hiyo sikumwona akilia tena.

Akazaa msichana, Ramla, mweusi wa kung'aa, na sauti ya mtu anayedai haki yake. Hapo ndipo sabuni zikaanza kuja.

Hapa kwetu Lubumbashi hakuna anayekwenda kuona mtoto mchanga kwa mikono mitupu. Unaleta sabuni. Maskini analeta kipande, mwenye nacho analeta katoni. Awe Mkristo, awe Mwislamu, awe na kisirani na wenye nyumba, sabuni analeta. Asiyeleta tunamuuliza amekuja kuangalia nini. Na Najma alikuwa na watu. Ukoo wa Maniema ulikuja, watu wa depo walikuja, mama wa kwaya yangu walikuja pia, maana niliwaambia mimi. Baada ya muda mfupi miche ya sabuni ilikuwa imefika dirishani, na chumba kizima kilinuka usafi.

Asubuhi moja Najma akaniita kutoka upande wake wa ukuta. "Yaya, niazime meza yako ya kukatia nguo."

Aliitandika mbele ya mlango, akapanga sabuni juu yake kwa safu nzuri, mtoto mgongoni. Mama Rabia alipoona akajifunika kichwa kwa mtandio.

"Binti yangu, unauzisha heshima ya mutoto."

"Mama, mutoto iko moja, sabuni iko mingi. Ataoga mpaka ngozi itoke?" Najma akaonyesha mabati kwa kidole. "Heshima yake iko pale juu."

Mtaa ukachemka. Wengine walipita mara mbili ili waone vizuri. Chisanga alipokuja akaikuta katoni yake mwenyewe mezani, akasimama, akanuna, halafu akacheka mpaka akashika kiuno. Akanunua miche kadhaa papo hapo, kwa sababu alikuwa anakwenda kuona mtoto mwingine mtaa wa pili. Wengine wakafuata. Unafikiri nini? Sabuni ni sabuni, na kwa Najma bei ilikuwa nzuri.

Mwisho wa mwezi ukafika. Ile sehemu ya mshahara ikatoka, na Najma akaifunga pamoja na pesa za sabuni katika pindo la kitenge chake. Ilipungua kidogo tu kufika nusu aliyoahidi. Alikuwa anangoja wanunuzi wa asubuhi wamalizie, ndipo aende dukani. Floribert hakumngoja. Alikuja na ngazi na wafanyakazi wawili, na mawingu meusi nyuma yake juu ya mgodi wa Ruashi.

"Iko wapi ule mwizi?" alisema kwa sauti ya kuamsha jirani. "Nimekuya kufungula mabati yangu."

Watu wakatoka majumbani. Mimi nilitoka na mkasi mkononi, sikujua hata kwa nini. Najma akasimama kutoka mezani. Lakini kabla hajafungua mdomo, mama Rabia alikuwa ameshafika mlangoni, yule yule aliyekuwa anajifunika mtandio kwa aibu. Akaziba njia.

"Papa, karibu," alisema taratibu. "Mu hii nyumba muko mutoto muchanga. Umemuletea nini?"

Floribert akatazama mikono yake. Akatazama ngazi.

"Nakuuliza wewe, papa. Umezaliwa Lubumbashi hii hii. Unaingia kwa mutoto muchanga na ngazi?"

Mtu mmoja akacheka, halafu wote. Mfanyakazi aliyeshika ngazi akaishusha chini polepole. "Patron, mama iko na haki," alisema. "Hatuwezi kupanda juu ya kichwa ya mutoto hivi hivi." Mwenzake naye akaachia upande wake.

Floribert alikuwa mtu wa pesa, lakini alikuwa pia mtu wa hapa. Akageuka huku na huku akitafuta duka, na sabuni iliyokuwa karibu ilikuwa mezani kwa Najma tu. Akatoa noti kubwa. Akanunua katoni, mama Rabia akapokea noti bila kumpunguzia hata kidogo, akampa Najma. Floribert akainua katoni kwa mikono miwili, kama tunavyofanya, akasema, "Ya mutoto."

"Aksanti sana, papa. Mungu akubariki," Najma alijibu. Akaipokea, akairudisha mezani pale pale ilipotoka.

Kisha akafungua pindo la kitenge, akaweka ile noti juu ya pesa zake, akamnyooshea zote.

"Nusu. Kama nilisema."

Floribert akaitazama noti ya juu. "Lakini hii iko feza yangu."

"Ilikuwa yako. Umelipa nayo sabuni ya mutoto. Sasa iko yangu, na miye nakulipa nayo deni." Hakupandisha sauti. "Mwezi wenye unakuya, nitakuletea ingine nusu. Weye usisumbuke kubeba ngazi."

Dawa ya deni ni kulipa, na Floribert alilipwa mbele ya mtaa mzima. Akazihesabu, akazitia mfukoni, akaondoka. Wafanyakazi wake walimfuata na ngazi begani, na mmoja aligeuka kumpungia mtoto mkono.

Mchana ule mvua ya kwanza ikanyesha, kubwa. Mama Rabia akatoka mbio kuingiza sabuni ndani kabla hazijalowa, akazipanga ukutani, huku mabati yakipiga kelele mpaka hatukusikiana. Ramla alilala katikati ya kelele hizo. Kesho yake mama Rabia mwenyewe ndiye aliyetandika meza.