Sauti ya Aicha na Mchele wa Djamali

Faradji ni mtu wa maneno machache, na mji mzima wa Kasongo unamjua hivyo. Siku ya kuposa, mjomba wake ndiye aliyesema yote. Yeye alipoulizwa kama kweli anamtaka Aicha, alijibu, "Njo maana nimekuja," akanyamaza tena. Aicha alikuwa nyuma ya pazia. Alicheka mpaka akapaliwa.

Maisha yao yalikwenda hivyo, mke anasema, mume anasikia. Faradji hakuona kwamba amepunjwa. "Mungu alitupa maneno ya watu wawili," alikuwa akisema, "akayaweka yote kwa Aicha. Nikitaka langu, nachukua pale."

Aicha alikufa mvua zilipoanza, mpunga ukiwa bado haujapandwa. Watu walijaa uani. Wakristo wa upande wa misheni walileta kuni, Waislamu wa mtaa walichimba kaburi katika matope. Faradji hakumsahau hata mmoja. Asubuhi akienda shambani na jembe begani, alikuwa anapitia kwenye nyumba ya mtu, anasimama mlangoni, anasema, "Asante kwa zile kuni," kisha anaendelea na njia yake. Watu wakaanza kutaniana: "Leo zamu ya nani kushukuriwa?"

Lakini lilikuwako jambo moja lililomkwama kooni.

Kabla ya kumswalia maiti, shehe huwageukia watu na kuwauliza kama yupo mwenye haki kwa marehemu, aseme, au amwachilie. Watu huitika: tumemsamehe. Siku ile ya Aicha waliitika wote isipokuwa mmoja. Djamali, mwenye duka la mchele na sabuni pale sokoni, alikuwa amesimama safu ya mbele, na kinywa chake hakikufunguka. Faradji alimwona.

Katika imani yao, kosa la mtu na Mungu wake, Mungu hulisamehe akipenda. Haki ya binadamu haitoki mpaka mwenyewe aiachilie. Basi kila Faradji aliposujudu, alimwona Aicha amesimama mlangoni, mzigo kichwani, hawezi kuingia, mtu mmoja amemshika nguo.

Na sababu ilijulikana. Ramadhani iliyopita Djamali aligawa mchele kwa wajane. Ulikuwa mchele mzuri, hakuna wa kuukana. Ila kila mjane, kabla ya kuondoka, ilibidi ainue bakuli na kutazama simu, Djamali ubavuni mwake, kofia imekaa sawa. Picha zikaingia katika kundi la WhatsApp la watu wa Kasongo, lenye watu wa Kindu, wa Kalemie, hata wa Ulaya. Mmoja wa wajane hao alikuwa Mama Heri, rafiki wa Aicha tangu utoto. Mwanawe Heri anachimba dhahabu Salamabila. Wenzake walimwonyesha picha ile kwenye mdomo wa shimo: "Kumbe mama yako anaomba?" Heri alimpigia mama yake simu, akalia kama mtoto.

Aicha aliposikia, aliiomba simu ya binti yake Mauwa. Kusoma hakujua, lakini kusema ndani ya simu alijua sana. Alifinya mahali pa sauti, akawasimulia watoto wake waliotawanyika, katika kundi la ukoo tu. Akamwiga Djamali, sauti na ndevu.

Sauti haikukaa nyumbani. Nani aliitoa? Kila mkwe alimtaja mkwe mwenzake. Haukupita muda, watoto wa sokoni wakimwona Djamali wanajipapasa videvu visivyo na ndevu, wanasema, "Mama, ngoja picha kwanza!" Jina likamganda.

Faradji mwenyewe hakuwahi kuisikia. Simu yake ni ile ya tochi. Siku zile alimwuliza mke wake, "Ulimuiga?"

"Kidogo tu, Baba Mauwa."

"Mm."

Yakaishia hapo.

Sasa, baada ya swala ya alasiri, Faradji alibaki barazani pa msikiti. Shehe alikuwa anavaa viatu. Gérard, katekista wa kanisa la misheni, jirani yao, alikuwa amesimamisha baisikeli kando ya njia apumzike.

"Shehe," Faradji akasema, "kama alilosema lilikuwa kweli, iko na kosa gani?"

Shehe hakuuliza nani. "Ukisema ya mwenzako akiwa hayuko, na ni kweli, umemsengenya. Ikiwa ya uongo, umemsingizia. Milango miwili, Faradji, nyumba moja."

"Eh!" Gérard akadakia toka kwenye baisikeli. "Sasa mutu aseme saa gani? Tunaambiwa kila siku inchi iko na uhuru wa kusema."

"Uhuru wa kusema haiko uhuru wa kumuvua mwenzako nguo sokoni."

"Na ule aliyevua wajane nguo kwa picha? Hata kwetu kanisani sadaka inafichwa, Shehe. Hapo mimi na weye tunasali pamoja."

"Njo angeenda kumwambia mwenyewe, uso kwa uso."

"Uso kwa uso!" Gérard akacheka. "Mama wa watu aende kumugombeza tajiri ndani ya butike yake? Angemupa bakuli na yeye, ampige picha."

Hata shehe alicheka, akafunika mdomo. Kisha akamshika Faradji bega. "Aliyesema hayuko tena. Uso uliobaki ni wako. Nenda weye."

Faradji alirudi nyumbani. Mauwa alikuwa anapepeta mchele.

"Niwekee ile sauti," akamwambia.

Mauwa aliacha ungo. Tangu mazishi hakuna aliyethubutu kuigusa. "Kweli, Baba?"

"Weka."

Alifuta mikono, akatafuta, akafinya. Na pale uani, kati ya kuku na kinu, Aicha akasema: "Halo, halo. Mumelala aje, wanangu? Mumekula?"

"Simamisha," Faradji akasema.

"Bado haijafika hata—"

"Simamisha. Ya leo imetosha."

Alitazama upande wa shamba kwa muda. Mauwa naye akajifanya anatafuta kitu chini. Kisha akamwekea baba yake simu mkononi, akamkunjia vidole juu yake.

"Nenda nayo, Baba. Unafinya hapa, hivi. Umusikilizishe Djamali mpaka mwisho. Watu wanacheka, hawafiki mwisho."

Kesho yake alikwenda sokoni. Djamali alipomwona, aliwaambia wanunuzi wapite baadaye, akamvutia kiti. Yeye mwenyewe hakuketi.

"Karibu, Muzee Faradji. Najua kinachokuleta."

"Naomba umuachilie."

"Nitamuachilia. Chukua simu sasa hivi, useme ndani ya groupe ya WhatsApp ya Kasongo, kwa sauti yako: muke wangu alidanganya."

"Hakudanganya."

Djamali akapiga meza. "Umekuja kuomba musamaha ao kunitukana mara ya pili?"

"Kuomba. Alikuiga. Watu walikucheka. Hiyo haikufaa, naomba musamaha. Kudanganya, hakudanganya."

"Muzee, unajua wale ndugu wanaotuma mchango toka Kindu? Nisipotuma picha wanasema Djamali amekula. Mwaka ule sikutuma, wakasema nimejengea nyumba! Siku hizi bila picha hakuna mutu anamwamini mwenzake. Mi nifanye nini?"

Faradji aliona ni neno la kweli nalo, akaliitikia kwa kichwa.

"Na mama yangu," Djamali akaendelea, sauti imeshuka, "iko Kabambare. Haone vizuri. Walimuwekea simu kwa sikio, wanacheka. Akanitumia mutu wa moto, na pikipiki yake, aniulize: Djamali, mwanangu, uliiba nini?"

Faradji aliinamisha kichwa. Alimfahamu bibi yule. Nje muuza mafuta ya mawese alikuwa anagombana na mtu juu ya dumu.

"Mama yako alisikia," Faradji akasema mwishowe.

"Njo hivyo."

"Na Heri aliona picha."

"Heri gani?"

"Mutoto wa Mama Heri. Ule wa bakuli. Waliomuonyesha ni wenzake, kule Salamabila. Alilia."

Djamali hakuwa amelijua. Aliketi juu ya gunia, polepole, kama mtu aliyefika kwake akakuta mlango umeng'olewa.

Faradji akaitoa simu ya Mauwa mfukoni mwa kanzu.

"Hapana, Muzee," Djamali akasema. "Ile siisikie tena."

"Ulifika mwisho?"

"Nilifika pale ananiiga. Nikatupa simu."

"Na mi sijafika. Tufike wote."

Alifinya mahali alipoonyeshwa. Simu akaiweka juu ya mizani, ikakaa pale kama kipimo cha chumvi.

"Halo, halo. Mumelala aje, wanangu? Mumekula? Sasa musikie. Djamali anagawa mchele. Anafika hivi, tumbo mbele, ndevu anazipapasa: Mama, ngoja picha kwanza! Cheka kidogo! Inua bakuli, inua juu, Mungu aone vizuri!"

Kicheko chake kikajaa dukani. Djamali alifumba macho. Faradji hakumwangalia, ilikuwa heshima iliyobaki kumpa.

"Haya, tuache mchezo," Aicha akaendelea. "Mama Heri aliupika ule mchele, hakukuta hata jiwe moja. Nasema ya kweli. Ule mutoto Djamali mukono wake uko wazi, tabia hiyo aliitoa kwa mama yake, mi namujua mama yake. Na weye Djamali, maana hii itakufikia, nawajua wakwe zangu na midomo yao! Mwanangu, mchele leta. Simu iache nyumbani. Mungu akuongezee pale ulipotoa." Akakohoa. "Nawaacha. Naona kofia ya baba yenu njiani. Huyu baba yenu, watoto, hasemi, lakini mi namushukuru. Kuishi naye kote huku hajanikata neno hata siku moja. Wanaume wangapi wanaweza? Haya, mulale vizuri."

Simu ikanyamaza.

Faradji alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Ndani ya nyumba yao Aicha alisema kila kitu, bei ya chumvi, ugonjwa wa mbuzi, ndoa za watu. Hilo moja hakuwahi kumwambia. Aliwaambia watoto, ndani ya chombo, na chombo kikamtunzia mpaka siku aliyolihitaji. Alisema kimoyomoyo, asante Mungu, asante aliyeunda hii kitu, ambaye mi simujue jina.

"Aliniita mwanangu," Djamali akasema.

"Mm."

"Angeanza na hilo, nisingekasirika."

"Alimalizia nalo."

Djamali alijifuta uso na mkono wa shati. Akasimama. Akaja mbele ya kiti cha Faradji na kushika mkono wake kwa mikono yote miwili.

"Nimemusamehe Aicha. Nimemuachilia hapa na kule. Mungu asimuulize kitu kwa ajili yangu."

Faradji akafumba macho. Alimwona mtu akipita mlangoni na mzigo wake, bila kuinama.

"Asante," akasema.

"Hiyo tu, Muzee?"

"Hiyo tu."

Djamali alicheka, mzigo umemtoka kifuani. Akageuka haraka, akachomoa simu yake kubwa kwenye chaji. "Ngoja, watu wajue tumepatana. Simama hapa karibu na mlango, kuko mwangaza, mi nitakuwa—" Na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshafika kwenye ndevu.

Hapo akajiona. Mkono ukaganda kidevuni.

Faradji alijizuia, akashindwa. Kicheko kilimtoka kikavu, kama mlango uliokaa siku nyingi bila kufunguliwa. Djamali alitazama simu, akamtazama mzee, naye akaangua kicheko mpaka muuza mafuta akachungulia aone kuna nini.

"Eh, Muzee! Hii ni ugonjwa!"

"Itapona," Faradji akasema.

Djamali aliirudisha simu kwenye chaji, uso wake chini. "Kwa Mama Heri nitaenda mwenyewe. Nitamuomba musamaha, yeye na mutoto wake. Na zile picha nitazifuta, hata kama ziko zimeshatembea."

"Mama yako, Kabambare. Nitaenda mimi."

"Kupanda moto, ile njia? Utavunjika mugongo!"

"Nitaenda. Nimusikilizishe mwisho."

Jioni Mauwa alimngojea kwenye kinu. Alimwona baba yake anakuja, anatembea tofauti, akajua. Lakini kujua hakukumtosha, alikuwa mtoto wa Aicha.

"Baba! Alisema nini?"

"Alisamehe." Akampa simu yake. "Usiifute."

"Nani angeifuta? Lakini Baba, usinifanyie hivyo, simulia! Alisamehe namna gani? Alikasirika? Mulicheka? Watu wamepita hapa wanasema mulisikiwa munacheka mpaka kwa wauza samaki."

Faradji aliketi. Akavua kofia. Jambo lenyewe lilikuwa tamu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alihisi maneno yanamjaa mdomoni, yanasukumana yatoke. "Basi," akaanza, "nikamuona anachukua simu, anasimama hivi, tumbo mbele..." Na mkono wake ukapanda kuelekea kidevuni.

Mauwa alimkodolea macho. Baba yake, anaiga!

Mkono ukasimama njiani. Faradji aliutazama kama mkono wa mtu mwingine, akaushusha taratibu juu ya goti.

"Alisamehe," akasema. "Tupike."

Akaenda kuwasha moto, akimshukuru Mungu kwa mke aliyepewa, na kwa kinywa kidogo alichopewa yeye.