Filimbi Ndani ya Boneti

Mume wangu wanamwita Sikio. Jina alilopewa na wazazi wake siku hizi tunalijua mimi na watu wa benki tu. Kwa wengine wote ni Sikio, fundi redio wa pale kwenye kona, mtu anayeweza kuwa ameinamia kazi yake na bisibisi mkononi, gari likapita barabarani, akasema bila kuinua kichwa, "Plagi moja ya huyu haichomi." Ukimfuata mwenye gari ukamuuliza, utakuta ni kweli.

Basi huyo ndiye mwenye lile gari jekundu la milango miwili. Alilinunua mwaka mmoja kabla binti yetu hajazaliwa, na binti yetu sasa ana mtoto wake. Hata wakati ule tulilipata likiwa limeshatumika. Taa zake za mbele hulala ndani ya boneti na kuinuka zinapowashwa, ila ya kushoto siku hizi huishia nusu, kwa hiyo linawatazama watu kama mlevi aliyeamshwa. Rangi ya paa imepauka. Kiti cha nyuma kipo kwa jina tu. Mama yangu, ambaye goti lake limekwisha, alikaa humo mara moja tulipompeleka hospitali. Kumtoa ilibidi tusaidiane mimi na muuguzi, mmoja akivuta na mwingine akisukuma, na mama anatuambia, "Taratibu jamani, mimi si kabati." Tangu siku hiyo nililichukia gari lile waziwazi.

Nilimwambia tutafute gari la watu. Milango minne, gia za kujibadilisha zenyewe, buti la kuingia gunia. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa hasira, nikamtuma binti yetu. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Hilo ni zima kuliko mimi. Sikiliza linavyounguruma." Kila Jumapili asubuhi alikwenda nalo kwenye uwanja ulio nyuma ya ghala la saruji, wanakokutana wenye wazimu kama wake, kila mmoja na kigari chake cha mbio kilichozeeka, wakafungua maboneti na kusifiana. Huko yeye ndiye aliyekuwa hakimu. Mtu angewasha injini, Sikio angeinama, akafumba macho, kisha akatoa hukumu, na hakuna aliyebisha. Nikasema kipenda roho hula nyama mbichi, nikamwacha.

Uongo, sikumwacha. Nilinyamaza tu, nikawa nangoja.

Mwaka jana nikaanza kuona ananipuuza. Mimi nafundisha darasa la kwanza. Sauti yangu ni nyembamba, lakini watoto arobaini hawajawahi kulalamika kwamba hawanisikii. Yeye ningemwita kutoka jikoni mara mbili, mara tatu, kimya. Birika la filimbi lingechemka hapo hapo mezani pembeni yake, naye anasoma gazeti. Halafu Spana, mwenye gereji, angemwita kutoka barabarani kwa lile livumo lake la pipa tupu, na mume wangu huyo ameshasimama, anatafuta viatu. Ungekuwa wewe usingekasirika? Nilisema ametia pamba masikioni kwa ajili yangu peke yangu. Siku moja nikamkabili usoni nikamwambia, "Sikio la kufa halisikii dawa," nikamwekea chakula, na sikumsemesha tena mpaka kesho yake. Alinitazama kama mtu aliyeonewa. Nikasema moyoni, na akome.

Kipindi hicho hicho ndipo filimbi ilipoanza. Kila asubuhi ananipeleka shuleni na gari lile, na asubuhi moja nikasikia kisauti chembamba upande wangu wa boneti, siii, kama mtu anayevuta hewa kwa meno. Tulipopanda kilima cha shule kikapanda nacho. Nikamtazama mume wangu. Ameshika usukani kwa mikono miwili, uso umetulia, anafurahia kona zake.

Nilijua gari linaumwa. Ukiishi na mtu kama yule miaka yote hiyo utajifunza, upende usipende. Ningeweza kuuliza tu, "Hiyo ni nini?" Sikuuliza. Nikajiambia kwamba yeye ndiye bingwa, anasikia, na kama hataki kukubali ugonjwa wa mpenzi wake, shauri yake. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini chini ya hilo kulikuwa na jambo jingine, nalo sikumwambia mtu: nilitaka life. Life tupate lingine. Miezi mitatu nilikaa kwenye kiti cha abiria nikilisikiliza likifa, na kila asubuhi nilishuka langoni nikamwambia, "Haya, siku njema."

Lilikufa Jumatano saa sita mchana, akiwa peke yake, katikati ya mzunguko, na malori yanampigia honi. Wakalivuta kwa kamba hadi kwa Spana. Nilipofika gereji baada ya kazi nilikuta boneti iko wazi na kifuniko cha pembeni mwa injini kimefunguliwa. Spana alikuwa ameshika kitu cheusi kilichoungua, kadiri ya kifuniko cha chupa ya chai.

"Beringi ya kukazia mkanda," alisema. "Imeganda, mkanda umeruka, valvu zikagongana na pistoni. Zimepinda zote, kaka. Injini hii imekwisha."

Mume wangu alikuwa amekunja mikono. "Haiwezekani. Beringi haifi bila kusema."

Spana akaifuta mikono yake kwa tambara, akaifuta tena ingawa ilikuwa imeshakauka. "Ilisema."

"Lini?"

"Tangu mvua zilipoanza. Kila Jumapili pale uwanjani inapiga filimbi. Tulisikia wote."

"Mkaninyamazia?"

"Sasa kaka, sisi ni nani wa kumwambia Sikio kwamba gari lake linalia? Tulijua umeshajua. Mimi nilidhani umeagiza spea, unasubiri."

Alisema kweli, na ndiyo balaa yenyewe. Wanaume kumi na mbili wanaojua magari, kila Jumapili, na hata mmoja hakufungua mdomo, kwa heshima tu. Mume wangu akaitazama ile beringi. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, mama? Ulisikia?"

Nilikuwa bado na vumbi la chaki mikononi. Nikasema, "Mimi mambo ya magari nayajulia wapi?"

Haikuwa ndiyo wala hapana, lakini yeye aliichukua kuwa hapana. Nikaona mabega yake yameshuka kidogo, amepata nafuu, kwamba angalau tuko wawili ambao hatukusikia. Laiti angenitukana.

Tukatoka kwa miguu. Yeye mbele, mimi hatua mbili nyuma, na barabara ile haina kelele. Nikamwita, "Baba watoto." Hakugeuka. Nikamwita tena. Nikamwita mara ya tatu, kwa sauti ile ile ninayowaitia watoto waingie darasani. Anatembea tu. Ndipo nikalikaza koo, nikaiteremsha sauti mpaka tumboni kama ninamwigiza Spana, nikaita. Akageuka papo hapo.

"Naam?"

Nikashika ukuta wa nyumba ya watu. Mwaka mzima. Birika, chakula nilichokuwa nikimbamizia mezani, na ile methali yangu! Nilikuwa namgombeza kiziwi kwa kutonisikia.

"Nini?" akauliza.

"Nimechoka," nikasema.

Hospitali alikubali kwenda kwa sababu nilimwambia ni kwa ajili ya kichwa kinachomuuma. Wakamwingiza kwenye kijichumba chenye kioo, kuta zimebandikwa sponji, wakamvisha vidude vya masikioni. Akisikia mlio anyanyue mkono. Mimi nilikaa nje, nyuma ya binti aliyekuwa akiendesha mashine, na niliona kwamba kila mlio unapokwenda kitaa cha kijani kinawaka. Vitaa vya mwanzo alivinyanyulia mkono haraka haraka kama wanafunzi wangu wanaokaa mbele. Halafu vikaendelea kuwaka, na mkono ukabaki gotini. Kimoja, kingine, kingine. Yule binti akaongeza nguvu, akaongeza tena. Mume wangu amekaa wima, ametabasamu kidogo, anangoja kwa adabu.

Alipotoka akaniambia, "Nafikiri nimefanya vizuri."

Daktari alieleza kwamba sauti nene anazo, nyembamba zimekwenda, na zilizokwenda hazirudi. Miaka ya kujaribu spika na kuinama juu ya injini zisizo na kizibo cha kelele ndiyo iliyozila. Kuna kifaa cha kuvaa, kitamsaidia na watu. Mume wangu akauliza kama kitamsaidia na mashine. Daktari akasema watajaribu. Mume wangu akainuka akamshukuru.

Kesho yake akaanza kurudisha redio za wateja. Nilimkuta dukani anazifunga moja moja kwa nyaya zake. Anazipanga kwenye kaunta, na kila anayekuja anaambiwa, "Samahani, hii mpelekee mtu mwingine." Mzee mmoja alidhani ni utani akacheka. Nilitaka kulia mbele za watu.

Kuhusu gari, mmoja wa wale wa Jumapili alilitaka kwa ajili ya spea: milango, viti, zile taa. Mume wangu akamwambia aje Jumamosi saa nne na lori la kubebea magari. Mimi ndiye niliyegeuka kuwa mwendawazimu wa gari. Nilimfuata chumbani, nilimfuata uani, nikikaza sauti hadi koo likaniuma. Spana anajua ilipo injini nyingine, nikamwambia, atatufungia. Usiliuze.

"Si ulitaka milango minne?" akasema, wala hakuwa ananichokoza.

"Sitaki tena."

"Mama, nitalisikiliza kwa masikio gani? Nimeliua kwa mikono yangu. Lililia miezi mitatu mbele yangu, nikawa najisifu. Nikipewa jingine nitaliua vile vile. Nilidhani hata kama mimi nimepitiwa, wewe uliyekuwa unakaa upande ule ungesikia. Nawe hukusikia. Basi ndiyo ajali."

Sikulala vizuri usiku ule, wala uliofuata. Niliona kwamba anaacha kila kitu, duka, Jumapili, gari, kwa kujihesabia kosa ambalo nusu yake ni yangu, na nusu yangu ni mbaya zaidi kwa sababu mimi nilikuwa na masikio.

Jumamosi saa tatu alikuwa uani analiosha. Injini iko kimya ndani, imepinda, na yeye anasugua rimu kwa mswaki kama anayempeleka mtu harusini. Alinipa mgongo. Nikasimama mlangoni na kanga yangu, nikasema, "Nililisikia."

Maji yanachuruzika. Mswaki unakwenda.

"Nililisikia tangu siku ya kwanza," nikasema. "Nikanyamaza makusudi."

Akausuuza mswaki kwenye ndoo, akahamia rimu ya pili. Hakusikia neno. Naapa, wazo lilinijia kwamba basi, nimeshatubu, yaishie hapo. Nilikuwa nimeshageuka kurudi ndani nilipoona jinsi alivyoifuta ile taa ya kushoto, ile isiyoinuka, kwa kidole kimoja ndani ya kitambaa.

Nikazunguka mbele ya gari nikasimama anione mdomo. Siri yangu ile ilibidi niitoe kwa kelele, kwa ile sauti nene ya kuazima, uani, asubuhi kweupe.

"Nililisikia gari! Lilipiga filimbi miezi mitatu, kila asubuhi, nami nikanyamaza! Nilitaka life!"

Jirani wa ghorofani aliyekuwa anaanika nguo akabaki na shuka mkononi. Mume wangu akainuka polepole, akishika goti.

"Miezi mitatu?"

"Miezi mitatu."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi, baba. Wewe hukuliua peke yako."

Nilingoja matusi. Niliyataka, yangenipunguzia. Alinitazama tu, na usoni mwake hakukuwa na hasira. Kulikuwa na kitu nilichowahi kukiona uwanjani kule Jumapili, mtu anapomletea gari lenye ugonjwa asioujua.

"Lilikuwa linaliaje?" akauliza.

"Vipi?"

"Ile filimbi. Wewe uliisikia. Nifanyie."

Lori lilikuwa limeshafika langoni, naliona kwa pembe ya jicho. Nikabana meno nikaitoa ile sauti kama nilivyoijua, siii, nyembamba, kisha nikaipandisha kama tunapopanda kilima cha shule. Jirani akainama kwenye ukingo wa ghorofa kutazama ni kitu gani kinalia. Mume wangu alikuwa amenisogelea karibu kabisa, ameinamisha kichwa, amefumba macho, kitambaa kinamdondoshea maji kwenye viatu. Niliiendeleza mpaka pumzi ikaniishia.

Akafumbua macho, akanitazama.

"Haya," akasema. "Anza."