Mpangaji Asiyelalamika

Kwenye bonde letu la Rhondda, huku Wales, mtu hufa na majina mawili. La kwanza hupewa kanisani, la pili hupewa na mtaa, na hilo la mtaa ndilo linalong'ang'ania. Eirwen Prosser aliwapikia watoto wa shule miaka ishirini na sita, akawalisha kastadi ya njano, nzito, yenye utando juu. Basi akawa Eirwen Kastadi, na ni Eirwen Kastadi mpaka leo, ingawa tangu astaafu hajaikoroga tena na wala haipendi.

Barua ilimfikia Septemba. Upande mmoja ilikuwa ya Kiwelisi, upande wa pili ya Kiingereza, na pande zote mbili zilikuwa na habari ileile mbaya. Nyumba namba tisa, aliyoachiwa na mama yake, ilikuwa imepangishwa kwa leseni yenye jina la Haydn, mumewe. Haydn alikuwa kaburini mwaka wa pili sasa, na leseni nayo ilikuwa ikimfuata. Sheria ya Wales haibembelezi: mwenye nyumba asome, afanye mtihani, apate leseni yake mwenyewe, ama ampe nyumba wakala aliye nayo. Alipewa mpaka mwisho wa Novemba.

Lowri, binti yake, alipiga simu kutoka Cardiff siku hiyohiyo.

"Mama, una miaka sitini na nane na goti bovu. Mpe dalali hiyo nyumba, upumzike."

"Dalali atafanya nini nisichokifanya mimi?"

"Atakagua. Ataita mafundi. Atapokea simu mambo yakiharibika."

"Kwa Bwana Craddock mambo hayaharibiki. Miaka kumi na moja hajanipigia simu hata moja."

"Na hilo halikushangazi?"

"Linanifurahisha," alisema Eirwen, na alisema kweli.

Emlyn Craddock, mpangaji wa namba tisa, alikuwa dereva wa basi mstaafu, mjane, aliyewahi kuimba sauti ya chini kwenye kwaya, mtu mrefu aliyeinama kidogo kwa kuzoea milango ya watu wafupi. Mtaa ulimwita Emlyn Basi. Eirwen hakuwahi kumwita hivyo. Kwake alikuwa Bwana Craddock, naye kwake alikuwa Bi Prosser, na heshima hiyo haikupungua hata nukta kwa miaka yote kumi na moja.

Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, saa tisa alasiri, Eirwen alibisha mlango wa namba tisa kama mgeni, ingawa ufunguo ulikuwa mkobani. Bwana Craddock alimkaribisha chumba cha mbele. Sisi chumba hicho hatukikalii. Ni cha mchungaji, cha daktari na cha jeneza. Lakini kwa ajili ya Bi Prosser moto uliwashwa, vikombe vyenye ukingo wa dhahabu vilitolewa kabatini, na vikeki vya zabibu alivyoleta vikapangwa kwenye sahani. Wakaongea habari za hali ya hewa, za raga na za nani kafa. Mwishoni Eirwen aliuliza, "Na nyumba je, hakuna shida?" Naye akajibu, "Hakuna hata moja, Bi Prosser." Kisha akamsindikiza mlangoni.

Kupanda ngazi za mtu bila kuitwa ni utovu wa adabu, hata kama ngazi ni zako. Mama yake alimfundisha hivyo ndani ya nyumba hiyohiyo. Na Bwana Craddock naye alilelewa kwamba ukikaribishwa kwa mtu huisemi vibaya nyumba yake mbele yake. Watu wawili wenye adabu kupita kiasi, mbele ya moto mmoja mdogo.

Hata hivyo Eirwen alimwita dalali, ili Lowri asiseme amekataa kabla ya kusikiliza. Jina lake Rhodri Pask, kijana wa viatu vya ncha kali na kompyuta ya kiganjani, ofisi yake juu ya duka la miwani. Alikaa jikoni kwa Eirwen na chai akaikataa. Hapo alishapoteza nusu ya kazi.

"Huko juu kukoje?" aliuliza.

"Juu wapi?"

"Ghorofani, mama. Vyumba vya kulala. Umeviona lini mara ya mwisho?"

Eirwen aliangalia dirishani. "Kabla hajahamia."

Pask aliacha kuandika. "Miaka kumi na moja?"

"Anaishi mle, kijana. Si jumba la makumbusho."

"Mimi sipokei nyumba bila kuona kila chumba. Baada ya hapo tunakagua mara mbili kwa mwaka. Makabati, dari, bafu, kila kitu. Alhamisi saa tano itafaa?"

Eirwen alikwenda kumwambia Bwana Craddock mwenyewe, Jumatano, siku isiyo yake. Mlango ulichelewa kufunguliwa. Chumba cha mbele kilikuwa na baridi, na mzee alikuwa anahema kama mtu aliyekimbizwa. Aliposikia habari ya dalali, aliweka kikombe chini polepole.

"Mgeni, Bi Prosser? Huko juu?"

"Dakika kumi tu, anasema."

"Kama itakupendeza wewe, basi sawa. Nyumba ni ya mama yako."

Asiye wa bondeni angesikia ruhusa hapo. Eirwen alisikia hapana, tena hapana ya mtu anayesihi. Akadhani anajua na sababu yake. Beti, mke wa Bwana Craddock, alifia hospitalini mwaka mmoja kabla mzee hajahamia namba tisa, na Eirwen aliona kichwani mwake magauni ya Beti bado yametundikwa kabatini, na mswaki wake bado kwenye glasi. Hata yeye makoti ya Haydn hajayatoa. Alihisi aibu kwamba alikaribia kumruhusu mtu wa viatu vya ncha kali ayapapase. Alipofika nyumbani alimpigia Pask akamwambia asije.

"Nitasimamia mwenyewe," alimwambia Lowri. "Huyu mzee anahitaji mtu, si kompyuta."

"Mama, unamlinda yeye au unajilinda wewe?"

"Nalinda adabu," alisema, akakata simu.

Basi Eirwen Kastadi akarudi shule. Wiki mbili alikaa maktabani, miwani puani, akijisomea mambo ya mikataba, ving'ora vya moto na mitambo ya gesi. Lilikuwepo somo zima la unyevu: jinsi tone moja darini linavyogeuka kuwa ukungu, na ukungu unavyoingia vifuani mwa watu. Lilikuwepo swali la ukaguzi pia. Alijua jibu, akalichagua, akapata alama yake. Haikumjia kabisa kwamba swali lile lilikuwa linamuuliza yeye. Mtihani ni mtihani, na Bwana Craddock ni Bwana Craddock. Alifaulu vizuri kuliko alivyowahi kufaulu chochote, na mkutubi akampigia makofi.

Leseni ilifika wiki ya mwisho ya Novemba. Aliitia kwenye bahasha safi, akasubiri Jumatatu ya kwanza ya Desemba, akapika vikeki na kushuka mtaa huku mvua ya barafu ikimpiga usoni. Alitaka awe wa kwanza kumwonyesha. Alitaka kumwambia: sasa hakuna wa kukusumbua tena.

Alibisha mara tatu. Aliyetoka ni jirani wa namba kumi na moja, Nerys, ambaye mtaa unamwita Nerys Dirishani, na sababu haihitaji kuelezwa.

"Hayupo, Eirwen. Ambulensi ilimchukua Jumamosi. Kifua."

"Hakuniambia kama anaumwa."

"Yule? Yule hata viatu vyako vikishika moto hatakwambia, atakusogezea kiti ukae. Kwani kwaya aliacha kwa nini?"

"Alisema sauti imechoka."

"Hospitali wamepiga simu kwangu, wanataka pajama zake. Ufunguo si unao? Panda wewe. Mimi mara moja, ile Jumamosi, inanitosha."

Eirwen aliingia. Alisimama chini ya ngazi, mkono juu ya nguzo aliyoipiga rangi mwenyewe akiwa na miaka kumi na minne, akaita, "Bwana Craddock, napanda," ingawa alijua hakuna mtu. Kisha akapanda, goti likimlaumu kila hatua.

Harufu ilimlaki kabla ya kitu kingine. Kitanda cha mzee kilikuwa pale ngazi zinapoishia, kimebanwa kati ya kuta mbili, kwa kuwa hapo tu ndipo palipokuwa pakavu. Chumba cha nyuma dari ilikuwa imeanguka. Ndoo nne na beseni la kuogeshea mtoto zilikuwa zimepangwa sakafuni, na juu yake, kupitia tundu kwenye vigae, aliuona mlima. Chumba cha kulala cha mbele ukungu ulikuwa umepanda ukutani, mweusi, kutoka sakafuni hadi usawa wa kichwa chake. Karatasi za ukutani, zile za maua ya buluu alizozichagua mama yake, zilikuwa zimebanduka kwa maji, na mtu mwenye subira alikuwa amezirudishia kwa pini ndogo za ofisini, mstari kwa mstari, mamia ya pini, zote zimeshika kutu.

Alifungua kabati la nguo. Magauni ya Beti hayakuwemo. Hayajawahi kuwemo. Mlikuwa na mashati matatu na mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, na ndani yake pajama zilizopigwa pasi.

Ufa usiozibwa, mwisho wake tunaujua sote. Lakini ufa unaofichwa na mwenye shida, na wa kuuziba haangalii kwa sababu ya heshima, huo ulaumiwe nani? Eirwen alikaa kwenye kitanda kile cha pale ngazini akalia, na hakulia kwa ajili ya nyumba.

Hospitalini walikuwa wamemwekea Bwana Craddock mpira wa oksijeni puani. Alipomwona na ule mfuko mkononi, alielewa amepita wapi, akafumba macho.

"Samahani, Bi Prosser. Sikutaka uone."

"Tangu lini?"

"Dhoruba ile. Siku ya mazishi ya mumeo." Alivuta pumzi. "Nilirudi kutoka makaburini, vigae vitatu vimekwenda. Sasa ningekupigia simu siku ile? Nikuambie nini?"

"Na kesho yake? Na mwezi uliofuata?"

"Mwezi uliofuata wewe ulikuja na vikeki. Macho yamevimba. Nikasema, mwezi ujao. Halafu dari ikashuka, nikaona sasa nimechelewa, ataniuliza mbona nilinyamaza." Alikohoa muda mrefu. "Aibu nayo inapanda bei, Bi Prosser."

"Ningetengeneza siku hiyohiyo."

"Najua. Na pesa ulikuwa huna, na hilo nilijua pia."

Eirwen alisogeza kiti karibu. Alimshika mkono, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, na ulikuwa mwepesi ajabu kwa mtu mrefu vile.

"Ulikuwa unauliza," alisema Bwana Craddock, kama anayemfariji. "Kila mwezi uliuliza."

"Niliuliza nikiwa nimekaa," alisema Eirwen.

Daktari alisema asirudi namba tisa. Ofisa wa ustawi alimpatia chumba kwenye nyumba ya wazee, bonde la pili, mabasi mawili kutoka kwetu. Wakati wa Krismasi mzee alituma kadi yenye ndege mwekundu, mwandiko wa kutetemeka: anashukuru kwa miaka kumi na moja katika nyumba nzuri. Eirwen aliisoma mara moja tu, akaitia kwenye bahasha moja na leseni. Alifanya mpango wa kwenda kumwona goti likipoa, na theluji ikiyeyuka. Bwana Craddock alikufa wiki ya pili ya Februari. Kwaya ilimwimbia, na sauti za chini zilipungua pale alipokuwa anasimama yeye, ama pengine ni Eirwen tu aliyesikia hivyo.

Hakuna aliyemlaumu. Lowri hakusema "nilikwambia." Nerys alimletea supu. Angepata mtu mmoja wa kumfokea angemshukuru.

Mwezi wa Aprili, vigae vikiwa vimepangwa upya na kuta zimekwanguliwa hadi kwenye jiwe, alipanda ngazi za ofisi iliyo juu ya duka la miwani. Rhodri Pask alimpa kiti, na safari hii akampa chai. Aliuliza maswali yake huku akiandika: vyumba vingapi, paa la lini, gesi imekaguliwa na nani. Eirwen alijibu yote sawasawa. Alikuwa amesomea.

"Na mpangaji aliyetoka," alisema Pask, kidole juu ya kioo. "Aliwahi kuleta malalamiko?"

Eirwen aliangalia kikombe chake.

"Hata mara moja."

"Safi," alisema Pask, akaandika. "Tumtafute mwingine kama huyo."